Barua kwa mwanangu: ondoka Keila

Marahaba baba'ngu.

Voisi noti zako zote tatu nimezipata. Ya kwanza nilianza kuisikiliza jikoni nikaizima katikati maana mdogo wako alishaanza kusogea, nikatoka nikaenda kukaa kule nyuma kwenye miparachichi nikazisikiliza zote mpaka mwisho, alafu nikazirudia. Usiku ule sikukujibu kwa sababu ningekujibu ningelia na we ulikuwa na machozi yako tayari, yangu ya nini tena. Nimeomba, nikalala kidogo, nikaamka saa tisa nikaomba tena, sasa hivi kunapambazuka na baridi ya huku Makambako unaijua, naandika nimejifunika blanketi la marehemu baba yako. Itakuwa ndefu. Isome umekaa chini na mlango umefunga, ukimaliza uifute kwenye simu.

Kwanza hilo la rafiki yako. Limenikata hata mimi. Yule kijana nimemlisha. Krismasi ile mliyokuja wote nilimchinjia jogoo kama mwanangu wa kumzaa, akanibebea maji, akaniita mama, na siku ya kuwasindikiza stendi nilimfungia na yeye mfuko wake wa viazi ili asione we umebebeshwa yeye hapana. We ndo ulimuombea kazi pale ghalani akiwa hana hata nauli ya kwenda kwenye usaili, mmelala chumba kimoja miaka miwili, mnaimba besi kwaya moja, Jumapili mnashika kitabu kimoja cha nyimbo, alafu huyo huyo we umeenda kuoga anachukua daftari lako anapiga picha yale mahesabu ya mifuko 240 ya mbolea ya ruzuku iliyotoka usiku bila karatasi yoyote, anampelekea bosi. Kwa hiyo sitakuambia usiumie. Watakuja watu wakuambie samehe samehe hata hujamaliza kueleza, we waitikie tu. Daudi mwenyewe kwenye Zaburi ya 55 analia wazi wazi kwamba angekuwa adui ndo kamtenda vile angevumilia, ila huyu ni mtu wake, wa kuongea naye mambo ya ndani na kwenda naye nyumbani kwa Mungu. Nikisoma pale naona kama kaandika habari za kwaya yenu. Na humo humo juu kidogo anatamani angekuwa na mbawa kama njiwa aruke, aende mbali huko nyikani akapumzike. Hayo maneno ya kutaka kukimbia yamebaki kwenye Biblia mpaka leo na tunayasoma kanisani, hakuna aliyeyatoa.

Sasa hilo la pili, la hivyo vitisho unavyotumiwa. Umesema hivi, "mama mi sihami hapa, nikihama ni kama simwamini Mungu, Mungu atanilinda hapa hapa." Hapo baba'ngu sikubaliani na wewe hata kidogo, na ndo maana naandika yote haya, lingekuwa la rafiki peke yake ningekupigia simu tukalia wote yakaisha.

Chukua Biblia yako, Samweli wa kwanza sura ya 23. Ukiisoma haraka utaona ni vita vita tu, kwa hiyo isome taratibu, ntakwenda na wewe.

Daudi hapo hajawa mfalme, ni mkimbizi, anatafutwa auawe na Sauli ambaye ni baba mkwe wake. Analala maporini na watu wake, wengi wao wana madeni na uchungu wa maisha. Akiwa kwenye hali hiyo anasikia watu wa mji wa Keila wamevamiwa na Wafilisti, wanaibiwa nafaka kwenye viwanja vya kupuria. We umekulia shambani, unajua maana yake. Umelima, umepalilia, mvua imekubali, umevuna, umebeba kichwani, na pale unapopura ndo mtu anakuja kuzoa. Daudi akamuuliza Mungu niende? Akaambiwa nenda. Watu wake wakasema sisi hapa tu tunaogopa, tukienda huko itakuwaje, na yeye hakuwafokea, akarudi akamuuliza Mungu tena swali lile lile. Hiyo naipenda sana. Aliuliza mara ya pili na Mungu hakumwambia nimeshakujibu, akamjibu tena. Wakaenda, wakapigana, watu wa Keila wakaokoka na mazao yao na mji wao.

Kwa hiyo Keila ni watu aliowasaidia yeye mwenyewe, tena akiwa hana kitu. Kama ulivyomfanyia mwenzio.

Sauli akapata habari kwamba Daudi yuko Keila, na angalia alichosema. Alisema Mungu amemtia mkononi mwangu, maana amejifungia mwenyewe kwenye mji wenye malango na makomeo. Alimtaja Mungu! Mtu anakwenda kuua na anamshukuru Mungu njiani. Ndo maana uliponiambia bosi aliwaita asubuhi akaanza na sala kabla ya kukusimamisha kazi sikushangaa, ila moyo ulinienda mbio, kwa sababu nimekumbuka na hicho chumba chako, kina mlango mmoja na dirisha lina nondo, na we unakisifia kila siku kwamba ni salama mwizi hawezi kuingia. Malango na makomeo. Kile kilichomfanya Daudi aonekane yuko salama ndicho kilichomfurahisha Sauli.

Daudi akamwita Abiathari kuhani alete naivera, lile vazi la kuhani la kumuulizia Mungu, akamuuliza Mungu maswali mawili kwa pamoja. Sauli atakuja kweli? Na hawa watu wa Keila watanitoa wanitie mkononi mwake? Mungu akajibu moja tu, atakuja. Akanyamaza. Sasa hapa mtu mwingine angeishia hapo, maana lile swali la pili ndo lenye kuuma, nani anataka kusikia kwamba watu aliowafia juzi watamuuza leo. Daudi akaliuliza tena. Watanitoa? Akaambiwa, watakutoa.

Kaa hapo kidogo baba'ngu. Mungu hakumwambia usijali watabadilika. Hakumwambia nitaigusa mioyo yao. Alimpa ukweli ulivyo, mchungu, ili umtoe pale. Na yeye na watu wake kama 600 wakainuka wakatoka, Biblia inasema walikwenda popote walipoweza kwenda, yaani hata hakuwa na mahali pa kwenda, alijua tu kwamba hapa hapakaliki. Na Sauli kusikia katoka akaacha safari yake. Umeona hiyo? Mungu alisema Sauli atakuja, watu watakutoa, na vyote viwili havikutokea. Havikutokea kwa sababu Daudi aliamini alichoambiwa akasimama na miguu yake. Angekaa pale anaimba zaburi ndani ya malango yale, vingetokea.

Na we umeshajibiwa. Meseji ya "tunajua unapolala" ni jibu. Yule mtu wa pikipiki uliyemuona siku tatu mfululizo pale kwenye kona ya duka ni jibu. Picha za daftari kwa bosi ni jibu. Unamuomba Mungu akuonyeshe na ameshakuonyesha, sasa unataka akuonyeshe mpaka nini?

Nakuambia kwa ukali namna hii kwa sababu mimi nilikaa.

Hili hujawahi kulisikia, we ulikuwa na miaka 5 na dada yako 9, mdogo wako nilikuwa nambeba mgongoni. Baba yenu alifariki mwaka 2002 mwezi wa pili, na hata arobaini haijaisha kaka zake wakaanza kuliulizia shamba, zile eka 6 za bondeni ambazo alinunua kwa jasho lake. Mimi karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya kijiji sikuiweka ndani, niliogopa, nikampelekea rafiki yangu wa kikundi cha kina mama, mwanamke niliyekaa naye hospitali wiki mbili alipojifungua kwa shida, nikawa namfulia na kumpikia uji. Nikamwambia nitunzie hii. Baada ya wiki mbili shemeji yangu mkubwa akanijia na karatasi ile mkononi mwake, anaipepea. Sijui alipewa nini yule mama, sikuwahi kumuuliza, mpaka leo.

Wakaanza kutufukuza. Mawe juu ya bati usiku, siku tatu. Siku ya nne nikakuta kuku amekatwa kichwa kawekwa mlangoni. Nikaenda kwa kiongozi wangu wa kiroho wa wakati ule akaniambia simama kwenye nafasi yako mama, usimpe shetani mlango, Mungu ni ngome. Na mimi nilimwamini kwa sababu nilitaka kuamini hivyo, maana kuondoka nilikuwa naona ni kama nimeshindwa, nimemwaibisha marehemu, nimemwonyesha Mungu simwamini. Nikakaa siku 11. Nafunga, naomba, nawalaza nyie katikati mimi naegemea mlango. Usiku wa 12 wakavunja mlango na mimi nimeegemea hapo hapo.

Lile kovu la dada yako mkononi si la kuanguka kwenye jiwe kama tulivyokuambieni. Ni usiku ule.

Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Nimemlilia Mungu miaka mingi kwa ajili ya kovu lile na najua amenisamehe, dada yako pia nilimwomba msamaha siku ya kuamkia harusi yake tukalia wote. Lakini asubuhi ile, nimewabeba watatu tunatembea kwenda barabara kuu na mfuko mmoja wa nguo, ndo nilielewa kwamba Mungu alikuwa ananiambia ondoka tangu jiwe la kwanza kwenye bati, na mimi nilikuwa naomba kwa sauti kubwa mpaka simsikii.

Tulikaa miezi minne kwenye kile chumba nyuma ya mashine ya kusaga, unakumbuka vumbi la unga, ulikuwa unafurahi unaandika namba ukutani na kidole. Mwenye mashine hakututoza kodi, nilikuwa nafagia na kupima magunia. Pale ndo nilisoma sura hii ya 23 kwa mara ya kwanza kwa akili yangu mwenyewe, nikakuta kitu ambacho sikuwahi kuhubiriwa.

Ni kwamba Daudi alipotoka Keila alikwenda nyika ya Zifu, na Sauli anamtafuta kila siku, kila siku. Akiwa huko msituni, kachoka, kasalitiwa, ndo anakuja Yonathani. Mtoto wa Sauli! Kwenye nyumba ile ile inayomuwinda ndo anatoka mtu, anamtafuta mpaka anampata, baba yake na majeshi yake yote hawajampata ila yeye kampata, na anamtia nguvu mkono wake katika Mungu, anamwambia usiogope, mkono wa baba yangu hautakupata. Wakafanya agano, akarudi kwake. Na ukiendelea kusoma hautaona tena wakikutana, Yonathani alikuja kufa vitani Gilboa pamoja na baba yake. Ilikuwa ni mara moja tu hiyo, kwenye msitu.

Na mimi Mungu aliniletea. Usiku wa mvua, karibu miezi miwili tuko pale mashineni, mlango ukagongwa nikashika mchi. Ni baba yenu mdogo. Huyu huyu unayemuona kimya, mnayemtania kwamba haongei kwenye harusi. Alikuwa kijana wa miaka 19, katembea kwa miguu kutoka kijijini kalowana chapachapa, kwenye shati kaweka nailoni na ndani ya nailoni nakala ya pili ya ile karatasi, baba yenu alikuwa amempa aitunze bila hata mimi kujua. Akaniambia shemeji nenda mahakama ya mwanzo ukafungue mirathi, mi nitasimama. Nikamwambia watakuua. Akasema watanikasirikia. Akala ugali wa baridi uliobaki, akaondoka kabla hakujakucha.

Na alisimama kweli. Mbele ya kaka zake, anasema karatasi hii ni ya kweli na shamba ni la marehemu na watoto wake. Mahakama ikaniweka mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Eka 4 zikarudi, 2 walishaziuza na sikuzifuatilia tena, sikuwa na nguvu. Ada zako za sekondari ni mahindi ya eka zile. Ila yeye kaka zake walimtenga, ndo maana hana shamba la ukoo, ndo maana anapanga mpaka leo, na alinikataza nisiwaambie nyie mkamwona kama mtu wa kudaiwa fadhila. Jana nimempigia nikamuomba ruhusa nikuambie, akanyamaza muda mrefu, akasema mwambie.

Kwa hiyo ukiniambia mama nimebaki peke yangu, siwezi kukubali. Hujui nani anatembea kwenye mvua sasa hivi. Inawezekana yuko humo humo ghalani, kwenye meza ya bosi wako, ameona vyote anatafuta namna. Usimtafute wewe, usianze kuwajaribu watu, kuwauliza uliza, utaharibu. Atakuja. Na akija mpokee, usimchome kwa maswali kwamba mbona umechelewa.

Nikuambie na hili maana sitaki nikudanganye kwamba ukitoka hapo mambo yanaisha. Baada ya Yonathani kuondoka, watu wa Zifu nao wakapanda mpaka Gibea kwa Sauli wakamwambia Daudi kajificha kwetu, njoo tutakukabidhi. Zifu ni Yuda, kabila lake kabisa, na hawa hata hakuna aliyewatisha, walijipeleka. Sauli akawabariki kwa jina la Bwana. Zaburi ya 54 ni ya siku hiyo, imeandikwa pale juu kabisa, ni fupi, isome hata kwenye basi. Yaani unaruka mmoja unakuta wa pili. Na huko nyika ya Maoni ikafika mahali Sauli yuko upande huu wa mlima na Daudi upande huu mwingine, anaharakisha na wale wanamzunguka, imebaki kidogo tu wamshike. Hakuna naivera hapo, hakuna muda wa kuuliza, miguu tu. Na hapo hapo anafika mjumbe kwa Sauli, rudi haraka, Wafilisti wameingia nchini. Akageuka.

Wafilisti! Wale wale aliopigana nao Keila. Hawakujua hata kama wanamuokoa mtu, wao walikuja kuiba. Mimi nikifika pale huwa nafunga Biblia kwanza nakaa kimya. Mungu hakuteremsha moto, alitumia habari iliyofika kwa Sauli saa ile ile, upande mwingine wa mlima, Daudi hata hakuisikia ikisemwa. Alichoona ni watu wanageuka.

Turudi kwa huyu mwenzio. Ukirudi nyuma sura moja, ya 22, utakuta habari za Nobu. Kuhani Ahimeleki alimpa Daudi mikate na upanga, basi, Doegi akaenda kusema, na Sauli akaamuru wauawe. Askari wake mwenyewe walikataa kuwagusa makuhani wa Bwana, akafanya Doegi, makuhani 85 siku moja, alafu mji mzima na wanawake na watoto na mifugo. Hiyo ndo habari iliyokuwa inatembea wakati Daudi yuko Keila. Kwa hiyo wale watu walikuwa wanajua ukimficha Daudi kinakupata nini. Walikuwa waoga. Sisemi ilikuwa sawa, Mungu alisema watakutoa na kutoa ni kutoa, ila nakuambia usimjaze huyu kijana kichwani mwako akawa zimwi. Ana mama yake ambaye yeye ndo humtumia hela kila mwezi, ana kazi ambayo bosi anaweza kuifuta kwa simu moja, pengine aliitwa ofisini akaonyeshwa kitu. Au pengine ni Mzifu alijipeleka mwenyewe kwa tamaa. Hujui, na huna haja ya kujua sasa hivi. Usimpigie, usimwandikie, usimuulize kwa nini. Jibu lake halitakusaidia kupanda basi.

Na usilipize. Najua ulichosema kwenye ile voisi ya tatu kuhusu kumweka mtandaoni na picha yake. Hapana. Daudi alikuja kuwa mfalme, Keila ilikuwa chini ya mkono wake, sijaona mahali popote amekwenda kuichoma. Tena fungua Nehemia sura ya 3, ni mamia ya miaka baadaye, watu wanajenga ukuta wa Yerusalemu, na wakuu wa Keila wamo wanajenga sehemu yao. Mji ule ulikuwepo kwa sababu aliuokoa na kwa sababu hakuurudia kuuharibu. Yule rafiki yangu wa karatasi tunasali naye kanisa moja, namsalimia, alipofiwa na mume nilikwenda nikalala msibani siku mbili nikapika. Karatasi zangu simpi. Hata akiniomba namba ya dada yako simpi. Hivyo viwili vinakaa pamoja bila shida yoyote, usisikilize mtu akikuambia msamaha ni mpaka umrudishie funguo.

Sasa sikiliza ya kufanya, na haya nimeyaongea na baba yako mdogo pamoja na mwalimu jirani yetu yule mwenye busara.

Daftari lenyewe bado unalo, hilo ni jambo kubwa. Litolee kopi mahali usipojulikana, kopi moja atunze yule mama mwenye nyumba wa zamani, original kaa nayo mwilini, si kwenye begi. Meseji za vitisho usifute hata moja, zipigie skrinshoti zionyeshe namba na saa, nitumie mimi alafu mimi namtumia dada yako. Ukifika huku tutakwenda polisi utoe taarifa ya vitisho upate RB, ile namba ya taarifa, na hayo ya mbolea mwalimu anasema ni hela ya serikali imo ndani kwa hiyo ni ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana ile namba ya bure 113, na kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Hatuendi kupiga kelele, tunakwenda kwa utaratibu, ukiwa umelala usingizi na umekula. Kutoka hapo si kuiacha kesi. Kutoka Keila hakukumfanya Daudi aache kuwa aliyepakwa mafuta awe mfalme.

Vitu vya chumbani viache. Godoro, redio, jiko la gesi, viache vyote, usianze kumuuliza mtu aje achukue, maana ukianza kuuza vitu mtaa mzima umejua. Toka na begi la kazini kama mtu anakwenda kibaruani. Usiweke stetasi. Najua unapenda kuweka mistari ya Biblia, wiki hii usiweke hata mistari, watu wanasoma hali ya mtu humo humo. Lokesheni kwenye simu izime. Kwenye kwaya usiage. Mwenye kwaya nitampigia mimi baadaye, atanielewa, na akinuna basi.

Basi la saa kumi na moja alfajiri, usikate tiketi kwa jina lako kwenye simu, nenda stendi ukalipe mkononi. Hela nimekutumia sasa hivi, imetoka kwenye yale mahindi niliyokuwa nimeweka kusubiri bei, usiniulize. Usishukie Makambako mjini, shukia kituo kimoja kabla, baba yako mdogo atakuwa pale na pikipiki ya kukodi tangu saa tisa mchana na atakaa mpaka ufike hata iwe usiku, nilimwambia atapigwa na baridi akasema ameshawahi kutembea kwenye mvua.

Dada yako nimemwambia. Mdogo wako bado, nitamwambia ukifika.

Kuomba usiache. Njiani omba, tena omba kama Daudi alivyoomba, swali fupi lenye jibu, nipande hili? nishuke hapa? Ukikosa amani na gari liache, subiri lingine, nami huku nimezuia kula mpaka nikuone.

Na usinipigie ukiwa stendi, kuna kelele na watu wana masikio. Ukishakaa kwenye siti na gari limetoka nitumie neno moja tu, "nimekula". Nitakuwa nimeshika simu.

Mama yako.